Mikoko ya Gazi na Maji ya Kunywa



Kila mwaka tunahimizwa kupanda miti, na kila mwaka miche mingi hukauka baada ya wapiga picha kuondoka. Kwa maoni yangu kasoro haiko katika kupanda. Kasoro ni kuwa hatumpi jirani sababu ya kuulinda mti huo kesho, ilhali jiko lake linahitaji kuni leo.

Tutazame Gazi, kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale, kusini mwa Mombasa. Katika miaka ya 1970 mikoko ya ghuba hiyo ilikatwa sana kwa ajili ya kuni za viwandani, na samaki wakapoteza mazalio yao. Mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni, wakishirikiana na watafiti wa bahari, walianzisha mradi wa Mikoko Pamoja ili kulinda hekta 117. Mikoko huvuta hewa ya ukaa na kuihifadhi katika matope yake. Kiasi cha hewa hiyo hupimwa, takriban tani 3,000 kwa mwaka, na watu na makampuni ya nje hulipia. Wanakijiji huamua kwa pamoja matumizi ya fedha hizo, na zimeleta maji safi na vitabu vya shule. Wamepanda pia mivinje, ili mwenye kutaka kuni na nguzo asirudi mikokoni. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na watu wa Vanga wamefuata njia hiyo hiyo.

Wapo wasemao huku ni kuuza hewa, na kwamba tajiri hununua ruhusa ya kuendelea kuchafua. Hoja hiyo ina uzito, na tajiri hana budi kupunguza moshi wake. Lakini maji safi humkinga mtoto na kuhara na kipindupindu. Hilo si jambo la kudharauliwa.

Basi kabla hatujashika jembe tuulize: nani atamwagilia, nani atafaidika, na mwenye kukata apewe badala gani? Tumefundishwa kuwa mti ni sadaka kwa kila anayekula kutokana nao, awe mtu, ndege au mnyama. Tusiuache ufe kabla sadaka hiyo haijaanza.