Jukwaa la Fundi ni Amana ya Mwenye Nyumba



Msimu wa kahawa unapomalizika katika vilima vya Mbinga na malipo yakawafikia wakulima, ndipo nyumba zinapoanza kuinuka. Aliyekuwa na msingi tangu mwaka juzi huongeza kuta, na aliyefika kwenye linta hutafuta mbao za kenchi na mabati. Hali ni hiyo hiyo huko chini ziwani, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay. Kila mmoja anajua kwamba mvua za mwisho wa mwaka haziko mbali, na ukuta wa tofali usio na paa haupendi mvua. Basi haraka huingia. Mirunda ya mikaratusi husimamishwa, mbao mbili tatu hutandikwa juu yake, na fundi hupanda.

Leo ninaomba ukurasa huu wa familia ulizungumzie jukwaa hilo, yaani ile mirunda na mbao tunazozipita kila siku bila kuziangalia.

Mwaka juzi mtoto wa dada yangu, kijana mwenye mke na watoto wawili, alikuwa saidia fundi katika nyumba moja ya kijiji cha pwani ya ziwa. Walikuwa wakimalizia ukuta wa pembeni, ule unaochongoka kufuata paa. Alikuwa amebeba karai la udongo, akakanyaga ncha ya ubao ambayo haikuwa na kitu chini yake. Ubao uliinuka upande wa pili kama pembea, naye akaanguka. Hakikuwa kimo cha ghorofa. Yapata mita nne tu. Wenzake, kwa huruma na kwa kutojua, walimwinua kwa kwapa wakamketisha juu ya pikipiki, katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia. Alipofikishwa hospitali, swali la kwanza la daktari lilikuwa: "Mmemleta namna gani?" Tangu siku hiyo hajasimama kwa miguu yake.

Mwenye nyumba alikuja kumjulia hali akiwa na sukari na sabuni, na macho yake yalikuwa na majonzi ya kweli. Akasema, "Ni kadari ya Allah." Sote tukaitikia. Lakini dada yangu, ambaye sasa huamka alfajiri kwenda kununua usipa ufukweni ili aukaushe na kuwalisha wajukuu, aliniuliza baada ya wageni kuondoka: "Kaka, na ule ubao ambao haukupigiliwa msumari, nao ni kadari?"

Sikuwa na jawabu la haraka. Makala hii ni jitihada yangu ya kumjibu.

Ndugu zangu, kuamini kadari ni nguzo ya imani yetu, na Muislamu humfariji mwenzake kwayo baada ya msiba. Haikuwekwa ili iwe kisingizio kabla ya msiba. Tunayajua sote mafundisho ya ngamia: kwamba mtu aliyeuliza iwapo amwache ngamia wake bila kufungwa na kutawakali, aliambiwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Yapo pia mafundisho yanayolihusu jambo letu waziwazi zaidi, ingawa hayatajwi sana mimbarini. Katika mapokezi yaliyomo ndani ya Al-Adab al-Mufrad ya Imam Bukhari, Mtume (s.a.w.) amewataja watu wawili pamoja: anayelala juu ya paa lisilo na kizuizi akaanguka akafa, na anayepanda bahari wakati wa machafuko yake akaangamia. Wote wawili, dhamana imeondoka kwao. Abu Daud naye amepokea habari ya huyo wa paa.

Watu wa ziwa hawahitaji tafsiri ndefu ya sehemu ya pili. Upepo wa kusi unapovuma na Nyasa ikaanza kutoa povu, mzee anayemwona kijana akisukuma mtumbwi majini atamkemea, na hakuna atakayesema kwamba mzee huyo ana upungufu wa tawakuli. Basi mbona paa lisilo na kizuizi, lililotajwa katika mafundisho hayo hayo, hatulikemei? Ikiwa aliyelala juu ya paa lake mwenyewe anaulizwa kuhusu kizuizi, sembuse aliyempandisha mtoto wa mwenzake kwa ujira wa siku?

Wala mtu asidhani kwamba kazi ya kheri inajilinda yenyewe. Tarehe 11 Septemba 2015, siku ya Ijumaa, siku chache kabla ya Hija, winchi kubwa ya ujenzi ilianguka ndani ya Msikiti Mtukufu wa Makka wakati wa upepo mkali na mvua. Watu zaidi ya 100 walifariki dunia. Uchunguzi wa serikali ya Saudi Arabia ulieleza kwamba mkono wa winchi ile uliachwa ukiwa umeinuliwa, kinyume cha maelekezo ya mtengenezaji. Ikiwa upepo haukuipisha winchi iliyoachwa vibaya mahali patukufu kuliko pote duniani, hautalipisha jukwaa legevu la madrasa yetu kijijini.

Sasa, ni nani mwenye jukumu? Katika kazi kubwa, kama ujenzi wa bandari ya Mbamba Bay, jawabu liko wazi. Yupo mkandarasi, na ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ambayo usimamizi wake uko mikononi mwa wakala wa serikali, OSHA. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Mwajiri huuchangia bila kukata mshahara wa mfanyakazi, na anayeumia kazini hupata matibabu na fidia. Akifa, wategemezi wake husaidiwa.

Lakini nyumba nyingi za Mbinga na Nyasa hazijengwi hivyo. Zinajengwa kwa mapatano ya mdomo chini ya mwembe: fundi mmoja, vijana wawili, malipo ya siku au ya kozi. Kwa kawaida jina la saidia fundi halimo katika daftari lolote, na akianguka, mfuko wake wa fidia ni mama yake. Katika kazi ya namna hiyo hakuna mkaguzi atakayefika. Mwajiri ni wewe na mimi, baba na mama wenye nyumba, au kamati ya msikiti. Amana ya uhai wa yule kijana iko mikononi mwetu tangu anapoweka mguu kwenye mrunda wa kwanza.

Amana hiyo haitaki elimu ya uhandisi. Inataka macho na fedha kidogo. Nimekaa na mafundi wawili wazoefu wakanieleza, na yafuatayo mwenye nyumba yeyote anaweza kuyakagua.

Kwanza ni miguu ya jukwaa. Udongo mwekundu wa vilimani ukilowa hulainika, na mchanga wa ufukweni hukimbia. Kila mrunda ukae juu ya kipande cha ubao mnene, si juu ya tofali linaloweza kupasuka. Mirunda iwe mizima, isiyoliwa na mchwa wala kubakizwa kutoka jukwaa la mwaka juzi lililolala mvuani. Jukwaa likazwe kwa mbao za mshazari na lishikizwe kwenye ukuta uliokwisha kukauka, ili lisiyumbe.

Pili ni sakafu. Mbao zijaze upana wote wa kusimamia, na zipigiliwe au zifungwe. Ncha ya ubao isitokeze mbali kupita kiegemeo chake. Huo ndio mtego uliomwangusha mpwa wangu. Tofali na maji visirundikwe mahali pamoja.

Tatu ni kizuizi, kile kile kilichotajwa katika mafundisho ya paa. Mti mmoja wa kuvuka kwenye usawa wa kiuno, yapata mita moja juu ya sakafu, na mwingine katikati, pande zote zilizo wazi. Chini uwekwe ubao wa ukingo, ili tofali lisimwangukie anayepita. Mrunda wa kizuizi hauzidi gharama ya mfuko mmoja wa saruji.

Nne ni ngazi. Ifungwe juu, ipite sakafu ya jukwaa kwa mita moja ili mtu apate pa kujishikilia. Kwa kila mita nne za kwenda juu, mguu wake uwe mita moja kutoka ukutani.

Tano ni kupaua. Aliye juu ya kenchi hana jukwaa chini yake. Huyo anahitaji mkanda wa usalama unaozunguka mabega na mapaja, uliofungwa kwa kamba kwenye mbao imara ya paa. Kamba ya kiunoni pekee huweza kumuumiza inapomdaka. Mkanda mmoja ukinunuliwa na jamaa wa msikiti utazunguka nyumba nyingi. Na mabati yasipandishwe siku ya upepo, kwani bati moja mikononi ni tanga.

Wapo watakaosema kwamba mita nne si kitu. Mtu anayeanguka kutoka kimo hicho hufika chini kabla sekunde moja haijatimia, kwa mwendo unaozidi kilomita 30 kwa saa. Ni sawa na kugongwa na pikipiki, na hakuna nafasi hata ya kunyoosha mkono.

Kina mama, neno hili ni lenu pia. Mara nyingi baba yuko shambani au safarini, na ninyi ndio mnaowapelekea mafundi chai. Mkiona ubao unacheza, semeni, na chai ingoje. Wazuieni watoto wasicheze chini ya jukwaa, wala wasilipande jioni mafundi wanapoondoka. Na siku za kujitolea msikitini, wazee wa kamati wasiwaache vijana wapande kwa ushujaa wa kuonyeshana. Anayejitolea naye ana mama.

Ikitokea mtu ameanguka, msimwinue kwa kwapa wala msimketishe. Mwacheni alale, mmoja amshike kichwa kisigeuke, kisha apelekwe juu ya ubao mpana au mlango, shingo na mgongo vikiwa vimenyooka, ndani ya gari ambamo atalala. Kulitafuta gari nusu saa ni bora kuliko pikipiki iliyo tayari.

Mwisho, mapatano ya kazi yataje jukwaa. Tunapoelewana na fundi bei ya kozi, tuelewane pia nani ananunua mirunda, misumari na vizuizi, na nani atagharimia matibabu mtu akiumia. Tuandike, tusainishe mashahidi wawili. Dini yetu inatuhimiza kuandika deni la fedha. Itakuwaje tuone aibu kuandika jambo la uhai?

Dada yangu, hili ndilo jawabu langu. Kuanguka kwa mwanao kulikuwa katika ujuzi wa Allah, nasi tumeridhia. Lakini msumari ulikuwa katika mikono yetu, na juu ya msumari ule tutaulizwa.

Allah amponye kila aliyeumia akitafuta riziki ya halali, awarehemu waliotangulia, na atujaalie kuwa waaminifu katika amana zetu. Aamin.