Kofia Isiyovaliwa Haimkingi Mtu



Zipo methali mbili mnazopenda kuzinukuu katika insha zenu, na mara nyingine mnaziweka zote katika ukurasa mmoja bila kuona kwamba zinagombana. Ya kwanza yasema, "Ajali haina kinga." Ya pili yasema, "Kinga ni bora kuliko tiba." Leo nataka kuzipatanisha, na kitakachonisaidia ni kofia ngumu ya mwendesha baiskeli: ile nyepesi yenye matundu, ambayo wengi wetu tuliitazama juu ya vichwa vya mabingwa mwezi wa Septemba 2025, Kigali ilipoandaa Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani, yaliyofika katika ardhi ya Afrika kwa mara ya kwanza.

Baada ya mashindano hayo, wanafunzi 12 wa shule yetu, huku Mkoa wa Kusini, waliomba tuanzishe kikundi cha baiskeli. Baiskeli zilipatikana, nyingine za kuazima, nyingine za kuchangiwa na wazazi. Mimi nikakabidhiwa fedha za kununulia kofia. Zilikuwa chache. Nilikwenda mjini, nikakuta rundo la kofia za rangi moja na saizi moja, bei yake nafuu. Nikanunua 12, nikarudi nikijisifu kwamba nimebakiza hata nauli. Nilihesabu kofia. Vichwa sikuvipima.

Binti mmoja wa mwaka wa tano, mwepesi wa miguu kuliko wenzake wote, kofia yake ilimbana kwenye panja, yaani pale kati ya jicho na sikio. Aliniambia. Nikamjibu kama tunavyowajibu watoto tukiwa na haraka: "Vumilia, utaizoea." Hakuizoea. Akawa anaivaa nikiwa karibu, na nikiachwa nyuma anaivua na kuitundika kwenye usukani. Jumamosi moja, katika mteremko wenye changarawe, gurudumu lake la mbele liliteleza. Alivunjika mtulinga, ule mfupa unaounganisha kidari na bega, na ubongo ukapata mtikisiko. Kwa majuma kadhaa hakuweza kutazama ubao bila kuumwa kichwa.

Namshukuru Mungu, amepona na amerudi darasani. Lakini sijasahau jinsi mama yake alivyoipokea ile kofia kule hospitalini, akaigeuzageuza mikononi, akaona haina ufa hata mmoja, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, kofia si ilikuwepo? Mbona hakuivaa?"

Jibu nilikuwa nalo, na lilinihusu mimi. Ndiyo maana naandika.

Maoni yangu ni haya: raha ya kofia kichwani si anasa ya matajiri. Ni sehemu ya usalama wenyewe. Kofia inayoumiza itavuliwa, na iliyovuliwa haina tofauti na ile iliyobaki dukani. Msidhani huu ni udhaifu wa watoto wa shule peke yao. Mwaka 1991, Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, lilipotaka kuwalazimisha waendeshaji wa kulipwa kuvaa kofia ngumu, waligoma katika mashindano ya Paris–Nice nchini Ufaransa, na amri ile ikashindwa kusimama. Miaka 12 baadaye, Machi 2003, katika mashindano hayo hayo, Andrey Kivilev wa Kazakhstan alianguka akiwa hana kofia, akafariki dunia. Mwezi wa Mei mwaka huo kofia ikawa lazima. Kama mabingwa walikataa kuvumilia joto na usumbufu, kwa nini tulitarajia binti wa mwaka wa tano avumilie?

Mtaniuliza: mwalimu, raha si inauzwa ghali? Hapo ndipo wengi wetu hupotea. Kofia nzuri ya baiskeli ina ganda jembamba nje na povu gumu jepesi ndani, linalofanana na lile linalozungushiwa televisheni mpya ndani ya boksi. Povu hilo hutulinda kwa kupondeka: linapopondeka, hulipunguza nguvu pigo kabla halijafika kwenye fuvu. Kazi hiyo hupimwa kwa viwango vinavyojulikana. Kofia iliyopimwa kwa kiwango cha Ulaya huandikwa ndani EN 1078. Iliyopimwa kwa kiwango cha Marekani huandikwa CPSC. Kofia ya bei ndogo yenye alama ya kweli ya namna hiyo imepaswa kushinda mtihani ule ule walioshinda ndugu zake wa bei kubwa. Fedha za ziada mara nyingi hununua uzito mdogo zaidi, matundu mengi zaidi, umbo la kukata upepo na jina la kampuni. Hayo humfaa anayeshindana kwa sekunde. Sisi tunaokwenda shambani, sokoni na shuleni tunaweza kuishi bila hayo.

Kwa hiyo, mwenye fedha kidogo asianze kwa kuuliza bei. Aanze kwa kupima. Chukua utepe wa fundi cherehani, uzungushe kichwani kupitia katikati ya paji la uso, juu kidogo ya nyusi, na nyuma pale kisogo kinapotokeza. Andika sentimita ulizopata. Ndani ya kofia au kwenye boksi lake mtakuta namba mbili, kwa mfano 54–58. Kichwa chako kiwe kati ya namba hizo. Kama kimeangukia ukingoni, jaribu na saizi inayofuata.

Kisha vaa. Vichwa vya watu havifanani: kimoja cha mviringo, kingine kirefu kutoka mbele kwenda nyuma. Kofia yaweza kuwa na sentimita zako kamili na bado ikakufinya kwenye paji la uso huku ikiacha nafasi kando ya masikio. Hiyo haikuumbwa kwa kichwa chako, mwachie mwingine. Iliyo sawa hukukumbatia pande zote kwa nguvu moja, bila nukta inayouma. Kaa nayo dakika 10 au 15 mle mle dukani, hata muuzaji akinuna, kwa sababu kofia inayobana huanza kusema ukweli baada ya dakika kadhaa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Muuzaji hajakilalia kitanda hiki, wala mwalimu wako.

Sasa itengeneze. Ikae sawa kichwani, isiegemee kisogoni kama kofia ya mtu anayepunga upepo. Kati ya nyusi na ukingo wake paenee vidole viwili. Nyuma huwa pana kigurudumu kidogo cha kukazia: kizungushe mpaka kofia itulie. Mikanda miwili ikutane chini ya kila sikio, na ule wa kidevuni uache nafasi ya kidole kimoja au viwili. Tikisa kichwa. Kofia ikicheza peke yake, bado.

Kwa anayeendesha baiskeli ya barabarani kuna jaribio moja zaidi, ambalo wengi hulisahau. Baiskeli hiyo humlazimu mtu kuinama mbele. Basi inama pale dukani kana kwamba umeshika usukani, halafu tazama mbali. Je, kofia inashuka machoni? Je, ule ukingo wa mbele unaokinga jua unaifunika barabara? Kofia nyingi za bei nafuu zina ukingo huo, na katika nyingine unatoka. Utoe ukiwa unakusumbua. Tazama pia vipande vya sifongo vya ndani. Vikitoka na kufulika, jasho la kupanda milima yetu halitaigeuza kofia kuwa kitu cha kuchukiza kabla mwaka haujaisha.

Hapa Rwanda nguo za mitumba tunaziita *caguwa*. Neno hilo lilitujia kutoka katika Kiswahili: *chagua*! Nami ni mteja wa *caguwa*; koti ninalovaa nikifundisha lilitoka huko. Lakini kofia ngumu si koti. Koti lililochanika hushonwa, na povu lililopondeka halirudi, tena ganda la nje laweza kuficha jeraha hilo kabisa. Usipomjua aliyeivaa kabla yako na kuyaamini maneno yake kwamba haijaanguka nayo, iache. Hapa kuchagua ni pamoja na kukataa.

Wapo pia wanaosema, "Nitavaa ile ya pikipiki." Tumeizoea, kwa kuwa kila abiria wa pikipiki hupewa moja. Hiyo ni nzito na imefunika masikio. Jaribu kupanda nayo mlima kwa miguu yako mwenyewe, utaivua kabla ya nusu ya safari. Ile ya mjenzi nayo imetengenezwa hasa kwa ajili ya kitu kinachoangukia utosi, ilhali mwendesha baiskeli huangukia ubavu, paji la uso au kisogo.

Turudi kwenye methali zetu. Kofia haizuii kuanguka. Haizuii changarawe, wala lori, wala breki iliyochoka. Katika kipimo cha Ulaya, kofia huangushwa kwenye chuma bapa kwa kasi ya karibu kilomita 20 kwa saa, na miteremko yetu hutupatia kasi kubwa kuliko hiyo bila hata kukanyaga pedali. Anayeshuka kama jiwe kwa kuwa amevaa kofia hajaielewa. Kwa maana hiyo ni kweli, ajali haina kinga. Lakini kichwa kinayo. Methali ya kwanza inahusu tukio, ya pili inahusu mtu. Zikieleweka hivyo, hazigombani tena.

Kikundi chetu hakikufa. Tulizijaribu upya zile kofia 12, kila moja juu ya kila kichwa, tukakuta 5 zimewaenea watu vizuri na zina alama ya kiwango, hizo tulizibakisha. Kwa muhula mzima hakuna aliyepanda baiskeli bila kofia iliyomkaa, na waliokosa walisubiri huku tukichanga tena. Safari hii sikwenda mjini peke yangu. Niliongozana na wale 7, utepe mfukoni, na tukakaa dukani saa nzima. Kila kofia ilizidi zile za kwanza kwa faranga elfu chache tu. Yule binti alichagua yake mwenyewe. Sijamwona akiivua njiani.

Nafundisha Kiswahili, ila blogu hii ni ya uraia pia, na kwangu somo la uraia ndilo hili. Anayenunua kwa ajili ya wengine ameshika madaraka, hata kama ni madaraka ya kofia 12. Tunapenda kuhesabu vitu: madawati mangapi, visima vingapi, vitabu vingapi, kisha tunaandika ripoti na kupiga picha. Mara chache tunamuuliza atakayeketi, atakayechota, atakayesoma, kama kitu hicho kimemwenea. Naye akithubutu kusema kinambana, tunamwambia avumilie.

Basi jadilini darasani, kwa Kiswahili sanifu: ni kitu gani shuleni kwenu kilinunuliwa kwa ajili yenu bila nyinyi kuulizwa, na sasa kimetundikwa ukutani hakitumiki? Leteni majibu. Na akija mmoja wenu kuniambia kwamba kitu fulani kinamuuma, safari hii nitachukua utepe kwanza.