Kuazima si Kunyakua: Funzo la Saksafoni ya Manu Dibango

Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Aghalabu methali hii hutolewa kila msanii wa Kiafrika anapoonekana na ala au mtindo uliozaliwa ng'ambo. Washairi wetu wa mashairi huru wanaujua vyema ukali wake. Hata hivyo, maisha ya Manu Dibango, mpiga saksafoni wa Kameruni aliyefariki Machi 2020 kutokana na ugonjwa wa Korona, yanamlazimu mhakiki kuitazama methali hiyo upya.

Dibango alizaliwa Douala mwaka 1933. Mwaka 1949 alipelekwa Ufaransa kusoma, akiwa na kilo tatu za kahawa za kulipia karo. Kahawa hiyo ndiyo iliyokuja kuipa tawasifu yake jina. Huko ndiko alikokutana na jazi, muziki wa Wamarekani weusi, na saksafoni, ala iliyobuniwa na Mbelgiji Adolphe Sax katika karne ya 19. Baadaye, mjini Brussels, alijuana na Joseph Kabasele, kiongozi wa bendi ya African Jazz, akafuatana naye hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1961. Jina la bendi hiyo halipaswi kumshangaza msomaji wa Afrika Mashariki anayeikumbuka Morogoro Jazz ya Tanzania. Neno lilikuwa la kuazima, lakini gitaa, mirindimo na maneno ya nyimbo vilikuwa vya wenyewe.

Mwaka 1972 Kameruni iliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Dibango alitunga wimbo wa mashindano hayo, na upande wa pili wa santuri akaweka "Soul Makossa". Makossa ni jina la muziki wa dansi wa Douala. Dibango alilichukua neno hilo la Kiduala, akalikatakata na kuzirudiarudia silabi zake kama mtu mwenye kigugumizi, hata likawa mdundo. Santuri hiyo ilifika New York, ikapendwa kumbini, na mwaka 1973 wimbo huo ukaingia miongoni mwa 40 bora katika orodha ya Billboard ya Marekani.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Mwaka 1982 Michael Jackson aliifungua albamu yake ya Thriller kwa wimbo ambao kuelekea mwisho wake kibwagizo cha Dibango kinasikika, kikiwa kimebadilishwa kidogo tu. Jina la mwenyewe halikutajwa. Dibango alidai haki yake, na mwafaka ukafikiwa nje ya mahakama. Mwaka 2007 kibwagizo hicho kikaibuka tena katika wimbo wa Rihanna, naye mzee akalazimika kurudi mahakamani mjini Paris mwaka 2009.

Yamkini atatokea wa kuuliza: je, Dibango naye hakuazima? Aliazima, tena sana. Tofauti ni kwamba hakuwaficha aliowaazima. Mwaka 2007, akiwa na zaidi ya miaka 70, alitoa albamu nzima ya kumuenzi Sidney Bechet, mpigaji wa New Orleans aliyemtangulia, na jina la Bechet akaliweka katika anwani yenyewe. Anayeazima humtaja mwenye nguo. Anayenyakua huivaa kana kwamba alishonewa. Kwa hivyo si kuazima kunakomwacha mtu uchi, bali kumficha aliyemwazima.

Funzo hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili kuliko wanavyodhani. Kila mwaka watafiti huenda nyanjani kurekodi nyimbo, ngano na vitendawili. Hurejea na kanda zilizojaa, wakaandika tasnifu, wakahitimu. Mama aliyeimba usiku kucha huishia kuitwa "mhojiwa wa tatu", hata pale ambapo hakuomba jina lake lifichwe. Kisingizio ni kwamba fasihi simulizi ni mali ya jamii nzima. Ni kweli kwamba wimbo wa jando au wa harusi hauna mtunzi mmoja anayejulikana. Lakini fanani huwa na sauti yake, ubunifu wake, na namna yake ya kuligeuza neno la kale likawa jipya, kama Dibango alivyoligeuza neno la Douala. Kulificha jina la anayetaka kutajwa ni unyakuzi, hata kama umefanywa kwa lugha ya kitaaluma.

Dibango alikuwa na mawakili wa kumtetea. Fanani wa kijijini hana ila uaminifu wa mwanafunzi aliyemkaribisha kwake. Basi mwanafunzi huyo na amuulize jina lake, na kama ameridhia, aliandike panapostahili. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.