Kukata Rufaa si Kukosa Subira

Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ili ufukara usimzuie kijana wa Tanzania kufika chuo kikuu. Inasikitisha kuona wengi wakinyimwa mkopo, au wakipewa sehemu ndogo, kisha wakarudi nyumbani kimya wakisema, "Haikuwa riziki." Tunasema wazi: hiyo si subira, bali ni kuiacha haki ipotee.

Bodi haimjui mwombaji. Inazijua karatasi zake. Yatima ambaye cheti cha kifo cha mzazi wake hakikuhakikiwa na RITA, au ZCSRA kwa upande wa Zanzibar, atauthibitishaje uyatima wake? Aliyesomeshwa sekondari ya kulipia na mfadhili, asipoambatanisha barua ya mfadhili huyo, huonekana mtoto wa mwenye uwezo. Rufaa imewekwa kwa ajili hiyo: kuleta ushahidi uliokosekana, si kurudia kilio kilekile.

Nayo Bodi tunaiuliza: ni uadilifu gani huu, aliyetoa uamuzi ndiye anayeipokea rufaa na kuiamua? Na dirisha la rufaa hukaa wazi siku chache, ilhali mtoto wa kijijini huweza kuzimaliza zote akitafuta mihuri. Tunataka kila anayenyimwa aelezwe sababu kwa maandishi, na apewe muda wa kutosha.

Basi kila msikiti uteue mtu anayezijua taratibu hizi, awasaidie vijana kabla dirisha halijafungwa. Haki haimfuati aliyelala.