Mzamiaji akitoka ziwani, asikimbilie Bukavu

Wanaozamia katika ziwa Tanganyika kwa chupa za hewa si wengi, lakini wapo. Kuna watafiti, kuna wakamataji wa samaki wa mapambo wanaouzwa Ulaya na Marekani, na kuna wageni wanaopenda kuangalia samaki wa rangi kwenye mawe. Mradi wa kimataifa wa kulinda viumbe vya ziwa, uliofanya kazi kati ya 1995 na 2000, uliwafundisha kuzamia watafiti kutoka nchi zote nne zinazopakana na ziwa hilo, Kongo ikiwemo.

Kila anayejifunza kazi hiyo anafundishwa jambo moja: kabla ya kutoka majini, asimame kwenye mita 5 kwa muda wa dakika 3. Ni sheria nzuri. Lakini kwa mtu anayezamia upande wa Uvira, haitoshi. Kisimamo cha mwisho kinapaswa kuwa kwenye nchi kavu, katika bonde la Ruzizi, kabla ya gari kupita Sange na Kamanyola na kuanza kupanda mlima.

Sababu ni hii. Mtu akiwa chini ya maji, uzito wa maji unasukuma naitrojeni ya hewa anayovuta, ile ambayo shuleni inaitwa azoti, iingie katika damu na nyama za mwili. Akipanda polepole, gesi hiyo inatoka kwa njia ya mapafu bila shida. Akipanda haraka, inageuka mapovu mwilini, kama chupa ya Fanta iliyofunguliwa kwa ghafla. Ndiyo maana wazamiaji wanaambiwa wasipande zaidi ya mita 9 kwa dakika, na wasimame karibu na uso wa maji.

Wakamataji wa samaki wanalielewa jambo hili vizuri. Samaki aina ya frontosa akitolewa kwenye kina kirefu, hapandishwi mara moja. Anapandishwa kwa hatua, na kazi hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa, kwa sababu kibofu chake cha hewa kinavimba na kumuua. Kama samaki anapewa muda huo kwa sababu ana bei, mtu aliyeshuka kumkamata anastahili muda wake pia.

Tena ziwa lenyewe liko juu. Uso wa Tanganyika uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na hesabu za kuzamia za kawaida zilitengenezwa kwa ajili ya bahari. Kuanzia mita 300 za mwinuko, hesabu hizo zinatakiwa kurekebishwa. Mita 30 katika Tanganyika zinahesabiwa karibu kama mita 32 za baharini. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayokula ile akiba ya usalama ambayo mzamiaji anadhani bado anayo.

Kisha inakuja barabara. Kutoka Uvira mpaka Kiliba, Sange, Luberizi na Luvungi, gari linabaki katika bonde. Baada ya Kamanyola linapanda, na Bukavu iko karibu mita 1,500. Maana yake, mtu aliyezamia asubuhi na kulala Bukavu usiku ameongeza mwinuko wa mita 700 hivi huku mwili wake bado una gesi ya ziwani. Mwili haujui kama umepandishwa na ndege au na gari. Chama cha kimataifa cha usalama wa wazamiaji, DAN, kinashauri mtu aliyezamia mara moja asubiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege, na aliyezamia mara nyingi au kwa siku kadhaa asubiri saa 18. Mwenye akili atatumia hesabu hiyo hiyo kwa barabara ya Bukavu na kwa njia za kupanda Milima Mirefu ya Uvira.

Kuna watakaosema kungoja ni gharama, na kwamba barabara ikiwa wazi leo, kesho inaweza kufungwa. Ni kweli, wakaaji wa bonde wanajua hilo kuliko wote. Lakini dawa yake ni kupanga. Kazi ya kina kirefu ifanyike siku za kwanza, siku ya mwisho mtu azamie asubuhi tu na katika maji mafupi, kisha alale Uvira au Sange, asafiri kesho yake mchana. Na anayemwajiri mzamiaji ndiye alipe usiku huo wa kungoja. Posho ikihesabiwa kwa siku za majini peke yake, mzamiaji atapanda gari jioni ile ile, na lawama haitakuwa yake.

Ugonjwa wenyewe unajificha. Maumivu ya bega au kiwiko, miguu kufa ganzi, kizunguzungu, kushindwa kukojoa: dalili hizi zinaweza kuja saa kadhaa baada ya kutoka majini. Ni rahisi kusema ni malaria, uchovu, au mamba muntu. Mgonjwa alazwe chali, apewe oksijeni safi mara moja, na asirudishwe majini. Haraka ya kumpeleka kwenye hospitali kubwa za Bukavu bila oksijeni inaweza kumzidishia ugonjwa njiani, kwa sababu njia ni ya kupanda. Na vyumba maalumu vya hewa iliyoshindiliwa, ambavyo wazamiaji wa Afrika Mashariki wanavitegemea, viko pwani ya Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Uvira.

Kwa hiyo, kundi lolote linaloleta wazamiaji Uvira lisianze kazi kabla ya kuonyesha vitu viwili: chupa ya oksijeni iliyojaa karibu na mtumbwi, na pesa za kulala usiku mmoja bondeni kwa kila mzamiaji. Usiku mmoja Sange ni bei ndogo kuliko miguu ya mtu.