Mganga Hajigangi: Daktari Mwanamke na Ngazi ya Afya ya Msingi

Wahenga walisema mganga hajigangi. Methali hii hutukumbusha kwamba hata mjuzi huhitaji mkono wa mwenziwe. Makala haya yanadai kuwa daktari mwanamke anayehudumu katika afya ya msingi ni mganga wa aina hiyo. Anaitibu jamii, ilhali ngazi ya kazi anayoipanda ina kasoro asizoweza kuziondoa peke yake.

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo taaluma yetu. Kiswahili hakina jinsia ya kisarufi. Nomino 'daktari' huchukua upatanisho uleule, awe mwanamume au mwanamke. Hata hivyo, wasemaji husema 'daktari wa kike', na ni nadra kusikia 'daktari wa kiume'. Kwenye foleni ya wagonjwa, daktari mwanamke huitwa 'sista' hata baada ya kujitambulisha. Si kwamba uuguzi ni kazi duni, la hasha! Kasoro ni kuwa cheo cha mtu kinakisiwa kwa jinsia yake. Sarufi imewapa wote haki sawa, lakini matumizi yameinyakua.

Tazama sasa mandhari ya Sigalagala, kando ya barabara ya Kakamega kuelekea Kisumu. Kama ilivyo kwingi mashambani, mgonjwa wa huku huanzia kwenye zahanati au kituo cha afya mikononi mwa wauguzi na maafisa wa kliniki. Akizidiwa, hupelekwa Mukumu au Kakamega mjini. Daktari anayekubali kufanya kazi katika ngazi hizi za chini ni hazina. Je, mwanamke anayeikubali kazi hiyo hulipwa nini kitaaluma?

Shahada ya udaktari nchini Kenya huchukua miaka sita, kisha mwaka mmoja wa uanagenzi. Anayetaka kubobea, mathalani katika tiba ya familia iliyoanza kufundishwa Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2005, huongeza takriban miaka minne. Miaka hiyo ndiyo ileile ambayo jamii humtarajia mwanamke aolewe na azae. Mwenziwe wa kiume naye huoa na kupata watoto katika umri huo, ila mara nyingi ndoa humpa msaidizi nyumbani. Kwa mwanamke, ndoa humwongezea zamu ya pili baada ya zamu ya hospitalini. Mume akihamishwa, mke ndiye hutarajiwa kuomba uhamisho. Nafasi ya masomo ikitokea akiwa na mtoto mchanga, huipisha. Miaka kumi baadaye, aliyesonga mbele huitwa mwenye bidii, naye aliyebaki nyuma huambiwa kuwa alichagua mwenyewe.

Huo si uchaguzi, bali ni mlango uliofungwa kwa adabu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa wanawake ni takriban asilimia 70 ya wafanyakazi wa afya duniani, lakini wanashika asilimia 25 tu ya nyadhifa za juu.

Wapo watakaomtaja Profesa Miriam Were, aliyezaliwa Kakamega mwaka 1940. Mwandishi huyu wa riwaya na daktari aliongoza kazi ya afya ya jamii papa hapa Kakamega katika miaka ya 1970, na mwaka 2008 akatunukiwa Tuzo ya Hideyo Noguchi ya Afrika. Anastahili sifa zote. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu mmoja kuifikia paa hakuthibitishi kwamba ngazi haina vipago vilivyovunjika.

Sheria zipo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea kazini. Aidha, huduma za afya zimekuwa chini ya kaunti tangu 2013, na katika mwaka huohuo Kakamega ilianzisha mpango wa kuwapa fedha akina mama maskini ili wahudhurie kliniki. Kaunti iliyotambua kuwa mama mgonjwa huhitaji msaada ili afike kliniki haishindwi kutambua kuwa mama anayemtibu naye huhitaji nyumba salama karibu na kituo, ratiba ya zamu inayojulikana mapema, na nafasi ya masomo inayomngoja arudipo kutoka likizo ya uzazi.

Nasi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tusijitoe lawamani. Tunaoandika vitabu vya kiada, tamthilia na tafsiri za mabango ya afya, tumwite daktari 'daktari', basi. Daktari mwanamke akiondoka kituoni kwa kukata tamaa, hasara ya kwanza haimpati yeye. Humpata mama wa Sigalagala ambaye angemweleza mwanamke mwenziwe maradhi asiyothubutu kumtajia mwanamume.