Butembo na Beni: Wakate mwezi kabla ya kukata fungu la chaneli

Siku ya posho, saa kumi za alasiri, katika komine ya Kimemi mjini Butembo, vijana wanabanana kwenye benchi za sine kuangalia mpira wa Uingereza. Wengi wao wana televisheni nyumbani. Wengine wana hata dekoda, imefunikwa kitambaa juu ya kabati. Kinachokosekana ni abonema. Imekwisha juma lililopita, na kuilipa tena ni kununua mwezi mzima na fungu zima la chaneli, wakati wao wanataka saa mbili za mpira. Basi wanampa mwenye sine franka chache, na dekoda ya nyumbani inabaki imelala.

Kutokana na hali hiyo malalamiko yamekuwa mengi, Butembo na Beni vilevile: kwa nini familia ilipie chaneli mia wakati inaangalia tano? Dawa inayotajwa ni moja. Kila chaneli iwe na bei yake, kila mtu achague zake na alipe hizo tu, kama anavyochagua nyanya sokoni.

Hoja hiyo inapendeza masikioni, na hasira iliyo ndani yake ni ya haki. Lakini televisheni ya setilaiti haiuzwi kama nyanya. Nyanya ambayo mama hakuiuza leo itaoza, na aliyeinunua ameitoa kwenye meza. Chaneli haipungui. Ikisharushwa kutoka angani inaanguka juu ya kila paa, kwa anayelipa na asiyelipa, na kumfungulia mteja mmoja zaidi hakuongezi gharama yoyote ya maana. Gharama kubwa iko kwingine: haki za kuonyesha mpira. Hizo zinalipwa kwa msimu mzima, watu waangalie wasiangalie. Kwa hiyo ukimwondolea mwenye dekoda chaneli themanini za katuni, mapishi na filamu za zamani, bei haishuki kwa kiasi anachofikiri. Mpira peke yake utabeba mzigo wake wote, na ndio huo anaoutaka.

India ilijaribu. Mwaka 2019 mamlaka ya mawasiliano ya huko, TRAI, iliamuru kila chaneli ya kulipia iwe na bei yake iliyo wazi, na mteja achague mwenyewe, juu ya malipo ya msingi ya rupia 130 kwa chaneli 100. Familia nyingi zilipokusanya zile walizozoea, moja ya baba, mbili za mama, moja ya watoto, hesabu ilizidi ile ya zamani. Mwaka uliofuata TRAI ililazimika kurekebisha kanuni zake. Kanada ilipita njia yenye busara zaidi: mwaka 2016 iliagiza kwanza pawe na fungu dogo la msingi lisilopita dola 25 za huko, na kuchagua chaneli mojamoja kukafuata baadaye mwaka huohuo.

Kwa watu wa Mashariki kuna hatari nyingine ambayo haisemwi sana, nayo ni lugha. Kwenye dekoda nyingi za hapa Kifaransa kimetawala. Lingala imepata nafasi yake, na Maboke TV ni mfano. Kiswahili bado kinaomba kiti. Mtu wa Butembo aliyemfuata Fiston Mayele alipokuwa Yanga anajua kwamba mechi za ligi ya Tanzania zinatangazwa kwa Kiswahili na Azam TV ya Dar es Salaam, na anajiuliza kwa nini Kiswahili kama kile kisisikike kwenye dekoda aliyouziwa hapa. Swali zuri. Lakini chaneli ya Kiswahili kwa ajili ya Kivu na Ituri, ikiuzwa peke yake, itatafuta walipaji katika miji ambamo watu wanahesabu franka kabla ya kununua chumvi. Itakufa kabla ya kuzoeleka. Ndani ya fungu inaweza kuishi kwa makuta ya mpira. Vivyo hivyo chaneli ya habari, na vivyo hivyo televisheni ya jimbo. Anayelia kwamba analipia asichoangalia akumbuke kwamba jirani yake pia analipia kile ambacho yeye anaangalia.

Basi fungu si adui wa kwanza. Kinachowaumiza watu wa Butembo na Beni ni mwezi.

Abonema ya mwezi inahesabu siku thelathini kana kwamba zote ni sawa. Kwa mfanyakazi wa ofisi aliye na mshahara na moto wa kudumu, labda ni sawa. Kwa mwenye kibanda Bulengera, ambaye leo amepata na kesho hakupata, siyo. Umeme ukikatika siku nne, dekoda imezimwa lakini hesabu inaendelea. Jua likikosekana msimu wa mvua, betri ya paneli inatosha taa na simu, televisheni inasubiri, hesabu inaendelea. Maduka yakifungwa mji mzima kwa mgomo, aliyekosa mauzo ya siku tatu anazilipia zote tatu.

Beni ni zaidi. Tangu Oktoba 2014 mji ule na vijiji vya kando yake vinazika watu waliouawa, na tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi. Familia inaweza kulipa abonema siku ya kwanza ya mwezi na siku ya kumi ikafunga mizigo kumkimbilia ndugu mtaa mwingine. Na ile njia ya vijana wa Kimemi, ya kwenda sine, Beni inafika mwisho jua likizama. Mechi za Ligi ya Mabingwa wa Ulaya zinaanza saa tatu au saa nne usiku kwa saa za huku. Nani atamwacha mtoto wake atembee saa sita za usiku katika Mulekera akirudi kutoka kwenye mpira? Kwa mtu wa Beni televisheni ya nyumbani ndiyo sine yake, na ndiyo anayouziwa kwa kipimo kisichomfaa.

Kuuza kwa siku kunawezekana. StarTimes imekwisha kuuza abonema ya siku na ya juma huko Kenya na Uganda. Hapa kwetu makampuni ya simu yalielewa zamani: intaneti inauzwa kwa siku, hata kwa saa, na malipo yanapita kwenye Airtel Money, Orange Money au M-Pesa bila mtu kuondoka nyumbani. Kampuni ya televisheni inayopokea malipo kwa simu haiwezi kusema kwamba kuhesabu siku ni kazi ngumu. Inaweza kusema kwamba haipati faida ileile, na hapo angalau mazungumzo yatakuwa ya kweli.

Mazungumzo hayo yanahitaji kuanza mapema, maana nguvu za muuzaji zinaongezeka. Mwaka 2025 Canal+ ilimaliza kununua MultiChoice, mwenye DStv na GOtv. Wale ambao zamani walishindana, mmoja upande wa Kifaransa na mwingine upande wa Kiingereza, sasa wako nyumba moja. Sheria ya Congo ya tarehe 9 Julai 2018 inaacha bei kwa uhuru wa soko, kwa hiyo kumwomba waziri apange bei ya chaneli mojamoja ni kupoteza muda. Lakini sheria hiyohiyo inahusu ushindani, na inaruhusu mwenye nguvu kubwa sokoni aulizwe maswali. Mashirika ya raia ya Butembo na Beni, ambayo hayaogopi kuuliza juu ya maji na barabara, yangeweza kuuliza na haya: abonema ya siku, fungu dogo la bei ya chini lenye Kiswahili ndani yake, na siku za mteja kusimamishwa anapoomba.

Na jambo moja zaidi, ambalo CSAC haina sababu ya kulikalia kimya. Abonema inapokwisha, habari za nchi zisifungwe pamoja na sinema. Tangu Goma ianguke mikononi mwa M23 Januari 2025, serikali ya jimbo imehamia Beni, na wanaosikiliza habari kwa hofu ni wengi. Mtu akikosa makuta ya mpira, akose mpira. RTNC na televisheni za jimbo zibaki wazi kwenye dekoda ileile aliyokwisha kuinunua kwa dola zake.